Kufungiwa taa za ziada kwenye pikipiki: fundi anachukua saa ngapi, na hela ya ufundi inaenda wapi

Taa umeshanunua, ziko kwenye boksi zinang'aa, umeenda kwa fundi ukiwa na uhakika ni kazi ya nusu saa maana ni taa mbili tu na waya mbili, nyekundu na nyeusi, alafu fundi anazunguka pikipiki mara moja anakutajia hela ya ufundi inayokaribia bei ya taa zenyewe. Hapo ndo wengi wananuna. Wengine wanaondoka kimya kimya wanaenda kwa yule jamaa anayesema "niachie hapo, dakika ishirini". Mimi nimeshanuna na nimeshaondoka, yote mawili, na kuondoka ndo kulinigharimu zaidi, ntakuelezea huko chini.

Zile bolti za kushika taa ni dakika kumi, kumi na tano ukizubaa. Hela inaenda kwenye kufungua pikipiki na kuifunga tena. Betri mara nyingi iko chini ya siti, taa zinakaa mbele, na katikati hapo kuna tangi, makava ya plastiki, shingo ya usukani inayozunguka, na injini yenye moto. Waya inatakiwa ipite huko kote isionekane, isiungue, isibanwe na isikatwe. Kwahiyo ukiuliza "kufunga taa ni bei gani" umeuliza swali ambalo fundi mwenyewe hawezi kulijibu mpaka aione pikipiki yako, na anayekujibu kwa simu bila kuuliza hata ni pikipiki gani, huyo amekisia tu.

Saa ngapi basi

Hizi namba ni za kazi nilizofanya mwenyewe na nilizokaa pembeni nikiangalia, zichukue kama makadirio ya kuanzia mazungumzo.

Pikipiki ndogo isiyo na makava mbele, hizi za 100 mpaka 150 cc, taa kubwa moja ya duara, tangi linatoka kwa bolti moja au mbili: saa 1 hadi saa 1 na nusu, kama taa zimekuja na wayaringi yake kamili, yaani rilei (swichi ya umeme inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mnene), fyuzi na swichi vimeshaungwa tangu kiwandani. Kama zimekuja taa tupu na fundi ndo anatengeneza wayaringi, ongeza nusu saa mpaka saa nzima. Pikipiki ya kati yenye kioo cha upepo na makava nusu, zile za safari ndefu na barabara mbovu, hapo ni saa 3 hadi 4 na kidogo. Makubwa ya kifahari yaliyovaa plastiki mwili mzima, mfano Honda Gold Wing, sishangai nikisikia saa 4 hadi 6, maana kava moja linashikiliwa na lingine na lile linashikiliwa na klipu ambazo ukivuta kwa hasira zinavunjika, na klipu ikivunjika nani analipa? Ndo maana fundi anaenda taratibu, na utaratibu huo upo kwenye bili yako.

Za mbio ni kesi nyingine kabisa. Wayaringi sio tatizo sana, tatizo ni hamna pa kuweka taa. Utahitaji breketi za kutengenezwa au za kuagiza za modeli hiyo hiyo, na fundi akianza kukata na kutoboa chuma hapo saa hazihesabiki tena.

Sasa tuchukue hiyo ya kati tuione dakika kwa dakika, maana ukiijua hii hata mazungumzo yako na fundi yanabadilika. Kutoa siti, tangi na makava, dakika 30 hadi 45. Kufunga breketi na taa, 20 hadi 30. Kupitisha waya kutoka mbele mpaka kwenye betri na kuifunga vizuri kwenye fremu, hapa ndo kwenye kazi, 45 hadi 60. Swichi kwenye hendeli, 15 hadi 20. Kuunga, kwenye betri na ule waya wa kuamsha rilei, 20 hadi 30. Kuwasha kujaribu kabla hujafunika chochote, 10. Kurudisha kila kitu, 30 hadi 45. Kulenga taa, 15. Jumlisha hapo unapata saa 3 na dakika chache ukienda vizuri, saa 4 na robo ukienda vibaya, na ukiangalia vizuri utaona kufungua na kurudisha peke yake ni karibu theluthi ya muda wote. Taa zenyewe kama taa zimekula nusu saa.

Bei inavyopangwa

Kuna gereji zinazotoza kwa saa. Hizi huwa na bei ya saa iliyobandikwa ukutani, na mara nyingi wanahesabu kwa sehemu za kumi, yaani dakika 6 ni 0.1, kwahiyo ukiona kwenye bili imeandikwa 2.7 ujue ni saa 2 na dakika 42, sio saa 2 na dakika 70 kama jamaa yangu mmoja alivyobisha pale kaunta mpaka watu wakacheka. Nyingi zina kima cha chini pia, hata ukienda kubadilishiwa fyuzi tu unalipa nusu saa au saa nzima, ndo utaratibu wao.

Alafu kuna bei ya kazi nzima, mnakubaliana kabla, akichelewa ni juu yake na akimaliza haraka ni faida yake. Mimi kwa kazi ya taa naipenda hii zaidi, kwa sababu kazi ya umeme ina tabia ya kuchelewa, unakuta bolti imeshika kutu, au wayaringi ya zamani imechezewa, na kama unalipa kwa saa basi kila bolti yenye kutu ni hela yako. Ila ubaya wake ni kwamba fundi wa bei ya kazi nzima ana sababu ya kukimbia, kwahiyo lazima mkubaliane mapema nini kinafanyika, sio bei tu.

Na ya tatu ni bei ya macho. Anaangalia viatu vyako, anaangalia taa ulizonunua ni za bei gani, anataja. Dawa yake ni kumuuliza "hiyo ni saa ngapi?" Akiweza kukutajia hatua na muda, sawa, mnaongea. Akibabaika, endelea na safari.

Juu ya ufundi kuna vitu vidogo: kibebeo cha fyuzi, terminali, mpira wa kunywea kwa moto, kamba za plastiki za kufungia, soksi ya kuvalisha waya, konekta zisizoingia maji. Kimoja kimoja ni bei ndogo sana lakini vikikusanyika vinaonekana, na gereji nyingine hazivihesabu hata, zinapiga tu asilimia fulani juu ya bili. Uliza.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui, gereji inategemea faida ya vipuri pia. Ukienda na taa zako ulizonunua mwenyewe mtandaoni wengine watapandisha ufundi kidogo, wengine watakwambia kazi yetu ina waranti ila taa hazina, na wengine watakataa kabisa. Kwangu mimi hawana kosa. Taa ikiingia maji baada ya wiki mbili na ilikuwa ya bei ya kutupa, wewe utarudi kwa nani? Utarudi kwake, na saa atakayotumia kufungua na kukuonyesha kwamba tatizo ni taa hailipwi na mtu.

Ile ya dakika ishirini

Nilikuwa na taa mbili za LED, fundi wa kwanza akaniambia saa mbili na nusu, nikaona ananiibia, nikaenda kwa mwingine akamaliza wakati nakunywa soda, na soda haikuwa imeisha. Taa zinawaka, nyeupe pee, nikalipa theluthi ya bei nikaondoka najiona mjanja.

Alichofanya nilikuja kukijua baadaye. Alichuna waya wa taa kubwa kwa kisu, akazungushia waya wa taa zangu hapo hapo, akafunga selotepu nyeusi, basi. Hakuna rilei, hakuna fyuzi ya pembeni, swichi imeshikiliwa na kamba. Kwahiyo taa kubwa na taa za ziada zote zinakunywa kwenye fyuzi moja na swichi moja ambayo kiwanda kiliipima kwa balbu moja tu. Miezi kadhaa mbele, usiku, mvua, maji yakaingia pale kwenye selotepu, ikapiga shoti, fyuzi ikaenda, na nikabaki sina taa ya ziada wala taa kubwa, kona iko mbele yangu. Nilisimama kwa kubahatisha ukingo wa barabara kwa miguu.

Fundi wa tatu alitumia saa mbili kamili kuondoa tu, kurudishia waya wa taa kubwa na kutafuta kama kuna kingine kilichoungua, na hapo bado hajaanza kufunga taa upya. Kwahiyo nimelipa ufundi mara tatu kwa taa zile zile. Na hii ndo sababu wayaringi iliyochezewa inaongeza bei, kwa mafundi wa umeme kutafuta hitilafu mara nyingi kunatozwa kwa saa, wengi hawakubali bei ya kazi nzima kwenye uchafu wa mwenzake.

Kazi iliyonyooka inafananaje

Huhitaji kuwa fundi, ila ukijua njia ya umeme hutadanganywa. Umeme mnene unatoka kwenye betri chanya, unapita kwenye fyuzi iliyo karibu kabisa na betri, unaingia kwenye rilei, unatoka unaenda kwenye taa, unarudi hasi. Rilei ya kawaida ya miguu minne ina namba zimeandikwa: 30 inapokea kutoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye taa, 86 na 85 ndo za kuiamsha, moja inapata umeme mdogo kupitia swichi yako na nyingine inaenda hasi. Ule umeme mdogo wa kuamsha uchukuliwe kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwa ON tu, watu wengi wanachukua kwenye taa ya pakingi. Faida yake ni kwamba ukizima pikipiki ukasahau swichi, taa zinazima zenyewe. Bila hivyo asubuhi utakuta betri imelala.

Ukubwa wa fyuzi na waya ni hesabu ya kugawanya tu. Wati gawanya kwa volti unapata ampia. Taa mbili za wati 20 ni wati 40, gawanya kwa 12, ni kama ampia 3.3, fyuzi ya 5 inatosha na waya wa milimita 1 za mraba uko sawa. Taa za zamani za haloji za wati 55 mbili ni wati 110, hiyo ni zaidi ya ampia 9, hapo unataka fyuzi ya 15 na waya mnene, 2.5 hivi. Fundi akikuwekea fyuzi ya 30 "ili isiungue ungue" mkatalie hapo hapo, kazi ya fyuzi ni kuungua kabla ya waya, ukiikuza sana waya ndo utageuka fyuzi, na waya uko chini ya tangi la petroli.

Na wati zilizoandikwa kwenye taa za bei poa usiziamini sana, nyingi zimeandikwa namba za kutisha lakini ukizipima na mita ya umeme zinakunywa kidogo mno. Fundi mwenye mita anaweza kukupimia kwa dakika mbili, mwambie apime kabla hajachagua fyuzi.

Maungio yawe ya kubana kwa terminali na koleo lake au ya lehemu yaliyovalishwa mpira wa kunywea na kushikiliwa vizuri yasicheze, maana lehemu inakakamaza waya na pale inapoishia ndo mtikisiko wa pikipiki unapokata. Selotepu peke yake sio ungio.

Kabla ya yote, pikipiki yako ina umeme wa kutosha?

Hii ingekuwa juu kabisa lakini najua ungeiruka. Pikipiki ndogo zina magneto, yaani kijenereta kinachozungushwa na injini, inayotoa umeme mdogo, kuna ambazo ni wati mia na kitu tu tena mpaka injini izunguke kwa kasi, na hapo taa kubwa, indiketa, breki laiti na chaji ya betri vyote vinagawana. BMW R1200GS za injini ya kupoozwa kwa maji zinatoa wati 510, huyo anaweza kufunga taa na bado akapasha mikono moto. Wewe wa 125 cc huna hiyo nafasi.

Kuna pikipiki ndogo pia ambazo taa kubwa haitumii umeme wa betri kabisa, inatumia AC, yaani umeme ambao haujageuzwa kuwa kama wa betri, moja kwa moja kutoka kwenye magneto, utaijua kwa sababu taa inapanda na kushuka mwanga ukivuta mafuta na injini ikizimwa taa haiwaki. Kwenye hizo mfumo wa kuchaji betri ni dhaifu, ulitengenezwa kwa ajili ya honi na indiketa tu. LED ndogo za wati 10 kila moja mara nyingi zinabebeka, zaidi ya hapo fundi atakwambia tubadilishe rektifaya (kile kinachogeuza umeme wa magneto uweze kuchaji betri) na tusuke magneto upya, na hiyo ni kazi nyingine kabisa yenye saa zake na bei yake. Usikubali ikaingizwa kimya kimya kwenye bili ya taa.

Jaribio ni rahisi. Mita kwenye betri, injini inawaka, vuta mafuta kiasi kama unaendesha: inatakiwa isome kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Washa taa zote pamoja na za ziada. Ikibaki juu ya 13 na ushee uko salama. Ikishuka mpaka 12 na kitu huku umevuta mafuta, basi betri ndo inalipia mwanga wako na haijalipwa. Hili jaribio fanya kabla ya kununua taa kama unaweza, kwa kuangalia tu ikiwa na taa zake za kawaida una nafasi kiasi gani.

Na zile pikipiki za kisasa zenye CAN, ule mfumo ambao vifaa vinaongea kwa waya wa data, Bosch waliutoa hadharani 1986 kwa ajili ya magari na BMW R1200GS ya 2004 tayari ilikuwa nao. Hapo kuchuna waya wa taa kubwa ni kujitafutia kesi, kompyuta inaona umeme umezidi inakata saketi au inakuwashia taa ya onyo kwenye dashibodi. Njia ni mbili, ama unachukua umeme betri moja kwa moja kwa rilei na kuamsha kutoka sehemu isiyopimwa na kompyuta, ama unanunua kile kiboksi cha kuchomeka kama HEX ezCAN au Denali CANsmart, unachomeka, unapanga kwa kompyuta, taa zinapunguza mwanga zenyewe na unaziwasha kwa vitufe vilivyokuja na pikipiki. Kiboksi ni ghali, lakini kinakata muda wa kazi, hakuna kutafuta waya gani ni upi, hakuna swichi ya kufunga. Ukijumlisha na ufundi wa pale ambapo saa ya fundi ni ghali, tofauti inakuwa ndogo kuliko unavyodhani.

Kupunguza saa bila kupunguza kazi

Osha pikipiki. Natania? Hapana. Fundi akipokea pikipiki ya tope nusu saa ya kwanza inaenda kwenye kutafuta bolti ziko wapi, na gereji nyingine zinakutoza kuosha.

Pili, unganisha na sevisi. Kama karibuni unabadilisha kichujio cha hewa au plagi na tangi litatoka, siku hiyo hiyo ndo siku ya taa. Kufungua na kurudisha unalipia mara moja. Hapa ndo kuna akiba kubwa kuliko kupatana bei kote.

Kama mkono wako hauogopi spana, fanya mwenyewe ile isiyo ya umeme: funga breketi na taa nyumbani, toa siti na makava, weka bolti kwenye kopo kila moja na lebo yake, mpelekee fundi pikipiki iliyo wazi abaki na wayaringi. Ila mwambie kabla, kuna mafundi wanaochukia kurudishia kitu ambacho hawakukifungua wao, na wana hoja, bolti ikikosekana lawama ni ya nani.

Amua mapema. Swichi iwe upande gani, taa zikae wapi, kwenye vyuma vya kukinga injini au kwenye shokapu za mbele au chini ya vioo, ziwake na ful tu au muda wote. Nimeona mtu anabadilisha mawazo kuhusu swichi wakati tangi limesharudi. Fundi alicheka, ila aliandika.

Na nunua seti iliyo kamili. Taa tupu za bei rahisi zinarudisha akiba yote kwa fundi kupitia wayaringi ya kusuka kwa mkono.

Kinachoongeza saa unaweza kukijua mwenyewe kabla: alamu iliyofungwa na mtu wa barabarani, bolti za kutu, makava yaliyowahi kugongwa na kugundishwa, nafasi finyu chini ya siti isiyo na pa kuweka rilei. Mwambie fundi ukweli wote mwanzoni, akikuta mwenyewe katikati ya kazi bei itapanda na huna pa kubishia.

Siku ya kuchukua

Usilipe ukiwa umesimama mbele unaangalia mwanga tu, mwanga hata ile ya dakika ishirini ilikuwa nao. Kata usukani mpaka mwisho kulia, alafu kushoto, injini inawaka na taa zimewashwa. Waya usivutike, injini isipande mlio (ikipanda maana yake waya umevuta kebo ya mafuta, hiyo ni hatari kweli), taa zisipepese. Angalia waya hazigusi bomba la ekzosi wala kichwa cha injini. Zima ufunguo uone taa zinazima. Bonyeza honi, breki, indiketa, ful na dimu, vyote, kwa sababu kilichochomolewa wakati wa kufungua kinaweza kusahaulika. Muulize fyuzi iko wapi akuonyeshe kwa kidole, na akupe ya akiba. Shika taa uitikise, bolti ziwe zimepakwa ile gundi ya bluu ya kuzuia kulegea.

Kulenga mafundi wengi wanaruka, au wanalenga kwa jicho pikipiki ikiwa kwenye stendi, ambayo haisaidii maana ukipanda wewe nyuma inashuka na taa zinaangalia juu. Tafuta ukuta, sehemu tambarare, simama mita 7.6 kutoka ukutani, tairi ziwe na upepo sahihi, wewe umekaa juu na pikipiki imesimama wima, mwenzako apime urefu wa katikati ya taa kutoka chini na aweke alama ile ile ukutani. Taa za mbali, kitovu cha mwanga kikae kama sentimita 5 chini ya alama. Za ukungu, ule mstari wa juu wa mwanga ukae kama sentimita 10 chini ya alama. Ukikuta unapigiwa ful na kila anayekuja mbele yako usiku, shusha tena. Na rangi, mbele nyeupe au njano, nyekundu na bluu waachie wenye kazi zao, na sheria ya unakoendesha inasema taa ngapi na ziwake lini, isome kabla hujalipa ufundi maana kutoa nako kuna saa zake.

Risiti iandikwe ufundi saa ngapi, vitu gani vimetumika, na waranti ya kazi ni muda gani. Baada ya kilomita 300 hadi 500 rudi bolti zikazwe na maungio yaangaliwe, mtikisiko unakuwa umeshafanya yake. Ni dakika tano na mafundi wengi hawatozi, ila mkubaliane siku ile ile ya kwanza na iandikwe kwenye hiyo risiti, sio siku unarudi na taa inaning'inia.